Nchi mbili zilizochorwa nyumba moja

Nilipofika juu ya Kaiserkrone, huko Saksonia mashariki mwa Ujerumani, nilicheka peke yangu. Mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anakunywa chai ya chupa akanigeukia kuona kulikoni. Ningemwambia nini? Kwamba nimekuja na treni na miguu kuona jabali linalojulikana kuliko yote katika uchoraji wa nchi yao, na nimelikuta ni kilima nyuma ya nyumba za watu, chini kuna bustani na kamba za kuanikia nguo, na mpaka nafika juu hata jasho halijanitoka?

Mimi ni mtu wa Lushoto. Kwetu mtoto akitumwa chumvi dukani anapanda na kushuka kuliko hivyo.

Jabali lenyewe unalijua hata kama jina lake hujawahi kulisikia. Ndilo analosimama juu yake yule bwana wa koti la giza, fimbo mkononi, mgongo katugeuzia, mbele yake bahari ya ukungu na vilele vinavyochomoza kama visiwa. Picha hiyo ya Caspar David Friedrich ilichorwa mnamo 1817 au 1818 na iko Hamburg. Imewekwa kwenye majalada ya vitabu, kwenye matangazo, kwenye vioo vya simu, mpaka mtu anadhani amezaliwa nayo. Wajerumani wakitaka kuonyesha roho yao ilivyo, hutoa hiyo.

Sikuwa nimekuja kwa ajili ya picha ya rangi, lakini. Nilikuja kwa ajili ya mchoro wa penseli uliotangulia. Friedrich alilichora jabali hili tarehe 3 Juni 1813, na karatasi bado ipo, katika mji wa Dresden alikoishi. Ni mwamba tu. Hakuna bwana wa koti, hakuna ukungu, hakuna chochote kinachoitwa Ujerumani. Mistari myembamba kama nywele, kivuli kidogo sana, na tarehe.

Nilikuwa na nakala yake kwenye simu. Nikatoa daftari, nikachonga penseli, nikajaribu kuoanisha nyufa za kwenye mchoro na nyufa za kwenye mwamba. Hazikukubali. Nikasogea kulia, hazikukubali. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mti. Mwishowe nikachuchumaa ili nipate pa kuweka daftari, na hapo mwamba ukaanza kukaa sawa. Ukiwa umesimama ni jiwe la kukalia tu. Ukichuchumaa linakua, linaziba nusu ya mbingu, na unaanza kuelewa jinsi mtu anavyoweza kulibeba kichwani miaka minne kisha akalipandisha binadamu juu yake.

Vilivyo nyuma ya yule bwana navyo vilitoka kila kimoja mahali pake. Mlima wa upande mmoja kwa kawaida hutambuliwa kuwa ni Rosenberg, na leo Rosenberg uko Jamhuri ya Cheki. Majabali mengine yanatoka pande tofauti za bonde la mto Elbe, kila moja lilichorwa peke yake, siku yake, kisha yote yakakusanywa mezani Dresden. Mahali pa kusimama uone yale yote kwa pamoja hapapo, na hapajawahi kuwapo.

Nasema hivi si kumsuta. Mimi ndiyo kwanza nilimpenda baada ya kulijua hilo. Kuna picha ya rafiki yake Kersting, ya mwaka 1811, inayomwonyesha akiwa kazini: chumba kitupu, ukutani rula na vibao viwili vitatu vya rangi, dirisha nusu limezibwa. Hakuna jani wala jiwe mle ndani. Mtu aliyewafundisha Wajerumani kupenda misitu yao alikuwa anaichora akiwa ameifungia nje. Milima ya Alpi hakuwahi kuikanyaga, na bado alichora Watzmann, mmoja wa milima mikubwa ya Bavaria, akitumia mchoro wa rangi za maji wa mwanafunzi wake August Heinrich, na mawe ya mbele akayatoa kwenye daftari lake la safari ya milima ya Harz, mamia ya kilomita kutoka hapo. Uaminifu wake ulikuwa kwenye vipande. Kila jiwe, kila tawi la mwaloni, alilichora kama karani anayeandika orodha ya mali, bila kuongeza sifa. Maneno makubwa yalikuja baadaye, mezani.

Sasa ile tarehe. Juni 1813 Dresden ilikuwa imejaa askari wa Napoleon. Prusia, dola kubwa ya Wajerumani, ilikuwa imepigwa mwaka 1806, mfalme wa Saksonia, mwenye Dresden, alikuwa upande wa Wafaransa, na mchoraji wetu aliwachukia Wafaransa kwa chuki ya kibinafsi kabisa. Mwaka 1808 ndugu yake alikuwa Ufaransa, naye akamwandikia asimtumie tena barua maadamu yuko katika nchi ile. Kwa ndugu wa tumbo moja! Vita vilipokaribia mji akakimbilia kijiji cha Krippen, kando ya Elbe, na kutoka huko akawa anatembea na kuchora mawe. Kwa hiyo ule mchoro wa karani, ule usiokuwa na taifa ndani yake, umechorwa na mkimbizi wa vita, siku za hasira.

Ukitaka kuiona hasira yenyewe, tazama picha yake ya mwaka uliofuata, 1814. Askari mmoja wa farasi wa Kifaransa anaonekana kwa mgongo, farasi hana, amesimama mbele ya msitu wa misonobari uliofunikwa theluji. Mbele kuna kisiki, na juu yake ndege mweusi. Hakuna damu wala bendera, na hakuna askari wa Kijerumani hata mmoja. Ile miti ndiyo jeshi. Njia inaingia katikati yake na unajua kwamba yule kijana akiingia hatoki. Sijaona picha nyingine ambayo mti umepewa uraia kwa ukimya namna ile. Na hapo Ujerumani yenyewe haikuwapo. Kilichofuata mwaka 1815 ni shirikisho la madola kadhaa, wafalme kwa wakuu, na nchi moja ilisubiri mpaka 1871, miaka zaidi ya thelathini baada ya Friedrich kufariki.

Na yeye mwenyewe alikuwa Mjerumani wa namna gani? Alizaliwa Greifswald mwaka 1774, na wakati huo Greifswald ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Uchoraji alijifunza Copenhagen, Denmark. Kikaratasi angekuwa mtu wa kuzungushwa kwenye madirisha ya ofisi ya uhamiaji. Ninaishi huku na kibali cha kurudiarudia, kwa hiyo mambo haya huyaona haraka.

Zama hizi za akina Friedrich, Romanticism kwa Kiingereza, walimu wetu wa fasihi wanaziita ulimbwende. Neno hilo hunichekesha, kwa sababu mtaani mlimbwende ni mtu wa kujipamba na kutembea kwa madaha, na hawa watu walivaa majoho meusi na kukaa makaburini. Lakini mavazi nayo yalikuwa siasa. Vijana waliotaka Ujerumani moja na katiba walivaa kofia pana bapa na koti la mtindo wa kale, na baada ya amri kali za Karlsbad za mwaka 1819, zilizobana vyuo na magazeti, mavazi hayo yakawa alama ya mtu wa kutiliwa shaka. Friedrich akachora wanaume wawili waliovaa hivyo hivyo, wamesimama njiani usiku wanatazama mwezi kando ya mti uliong'oka nusu. Wageni walipomtembelea akawaambia kwa kejeli kwamba hao wawili wanapanga njama za uchochezi. Hebu fikiria, nchi ambamo kutazama mwezi na rafiki yako ni kesi.

Kuanzia mwaka 1820 alikaa kwenye nyumba namba 33 ya barabara ya An der Elbe, pale Dresden. Na mwaka 1823 akahamia humo humo Mnorwei mmoja, Johan Christian Dahl.

Dahl ndiye hasa aliyenifanya niandike haya. Mtoto wa mvuvi wa Bergen, alizaliwa 1788, akaenda Copenhagen kusoma mwaka 1811, akafika Dresden 1818, na huko akakaa mpaka kufa, 1857. Miaka karibu arobaini ugenini, na vitabu vinamwita baba wa uchoraji wa Norwei. Mwaka 1824 yeye na Friedrich wote wawili walipewa uprofesa wa chuo cha sanaa pale mjini, uprofesa wa jina tu, darasa la mandhari hakuna aliyekabidhiwa. Walionyesha kazi zao pamoja. Mmoja alikuwa mkimya wa kuchoma, mwingine mcheshi na mwepesi wa mkono, anachora mawingu dirishani kabla hayajapita.

Norwei nayo ilikuwa na jambo lake. Kwa karne nyingi ilikuwa chini ya Denmark. Mwaka 1814 wakaandika katiba yao mahali paitwapo Eidsvoll, tarehe 17 Mei, na kabla mwaka haujaisha wakaunganishwa na Uswidi, muungano uliodumu hadi 1905. Watu wao wa shule waliandika Kidenmark. Ilikuwa nchi yenye katiba, isiyo na mfalme wake, ikiandika kwa lugha ya mtawala wa jana. Walichokuwa nacho wao wenyewe bila ubishi kilikuwa milima, maporomoko ya maji, na zile ghuba nyembamba ndefu zinazopenya katikati ya majabali, fiodi. Basi wakazihitaji zichorwe.

Na mchoraji alikuwa Ujerumani! Si hilo tu. Kabla ya mwaka 1826 Dahl alikuwa hajarudi nyumbani tangu aondoke, na maporomoko ya Kinorwei aliyokuwa akiyauza Dresden yalitokana kwa sehemu kubwa na picha alizoziona Copenhagen za Mholanzi Allart van Everdingen, aliyepita Skandinavia katika karne ya 17. Kwa hiyo ile Norwei halisi, ya mtoto wa mvuvi wa Bergen, ilikuwa imepitia kwa Mholanzi. Mimi nikisoma hayo nilikumbuka picha za Kilimanjaro zinazouzwa pembeni ya barabara, twiga mbele, mwali wa jua nyuma. Kuna mchoraji mmoja wa Dar niliyewahi kukaa naye mchana kutwa alizichora kwa dazeni, na mlima hakuwahi kuuona. Aliniambia, "Kaka, mteja anaujua, inatosha."

Mwaka 1826 Dahl akaenda. Akapanda farasi, akapanda mashua, akavuka milima ya kati mpaka magharibi, anachora. Akarudi Dresden na madaftari, na yale madaftari akayala polepole kama mtu mwenye ghala. Mwaka 1827 akachora majira ya baridi kando ya Sognefjorden, jiwe refu la kumbukumbu za kale limesimama peke yake kwenye theluji. Bonde la chini ya Stalheim alilichora safari ile ile, lakini picha kubwa ya rangi aliimaliza mwaka 1842. Miaka kumi na sita! Ina upana wa karibu mita mbili na nusu, mvua inaondoka, upinde wa mvua unatua bondeni, na jua limeanguka juu ya vijumba vya wakulima vilivyobanana. Ukisogea karibu, vijumba vile ni mapigo madogo ya brashi, lakini kila kimoja kina paa lake na mlango wake. Friedrich angevifuta. Hapo ndipo ninapompenda Dahl zaidi kuliko mwenzake: nchi yake ina watu wanaoishi mle ndani, wana mbuzi, wana moshi.

Aliposafiri aliona pia makanisa ya kale ya mbao, yenye mapaa ya ngazi ngazi na vichwa vya majoka, yakivunjwa moja baada ya jingine. Vijiji vilikuwa vinakua, makanisa yalikuwa madogo na ya giza, nani atake kubaki nayo? Mwaka 1837 Dahl akatoa kitabu chenye michoro yake. Mwaka 1841 kanisa la kijiji cha Vang likapigwa mnada, akalinunua yeye. Akatafuta pa kulisimamisha Norwei, hakupata, na mfalme wa Prusia akalichukua. Likachorwa kipande kwa kipande, likafunguliwa, likapakiwa melini. Likasimamishwa Silesia, jimbo la Prusia wakati huo, kwenye milima ya Riesengebirge.

Ile ile milima ambayo Friedrich aliitembea kwa miguu na Kersting mwaka 1810 na kuifanya kuwa milima ya Kijerumani kupita yote. Na baada ya vita vya pili vya dunia Silesia ikawa Poland. Kwa hiyo leo kanisa la Norwei limesimama Poland, kwenye mandhari ya Ujerumani, na watalii wanapanga foleni. Nimefika. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema, "Kilimanjaro!" kama watu wote wanavyosema. Mlima wetu umekuwa pasipoti yangu ya pili.

Na huo nao ulikuwa na kipindi chake cha Ujerumani, wala si mzaha. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu ya Kibo, wakakiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm, na jiwe lililotoka huko likapelekwa kwa Kaisari, likawekwa ukutani katika ukumbi uliopambwa kwa makombe ya baharini na mawe wa jumba la Neues Palais, Potsdam. Watoto wa shule huku wakawa wanafundishwa kwamba mlima mrefu kuliko yote wa Ujerumani uko Afrika. Jiwe la Friedrich lilibaki kwenye karatasi. Hili walilibeba kabisa. Kwetu Lushoto nako palibatizwa Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, na nyumba za juu kule bado zina mapaa ya mwinuko mkali kana kwamba theluji inakuja.

Kisha mwaka 1959 Mwalimu Nyerere akasema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Mwaka 1961 ukawekwa. Kilele kikawa Uhuru, na kwenye nembo ya taifa yule bibi na yule bwana wamesimama juu ya mlima huo huo. Shuleni tuliuchora kila muhula: pembetatu, kofia nyeupe, mwenge. Mwalimu wetu wa sanaa alitoa alama kwa unadhifu wa theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuona, maana kutoka kwetu unaona Usambara tu, na ukienda Irente unaona tambarare ya Mazinde chini kama ramani.

Friedrich alikufa mwaka 1840 akiwa amesahaulika nusu, na miongo iliyofuata ikamalizia kumsahau. Aliyemfufua ni mwanahistoria wa sanaa wa Norwei, Andreas Aubert. Alikuwa anamtafiti Dahl, akafukua karatasi za Dresden, akakutana na jina la jirani wa ile nyumba. Kwa juhudi zake jina likarudi, na maonyesho makubwa ya Berlin ya mwaka 1906 yakamweka mbele ya Wajerumani. Wakampokea kama mtu wao wa siku zote. Baadaye wafuasi wa Hitler walimpokea zaidi ya ilivyopasa, wakamtangaza mchoraji wa damu na kaskazini, na ilichukua miaka baada ya vita watu kuzitazama picha zake tena bila kusikia buti nyuma yake. Dahl naye alizikwa Dresden, na katika karne ya 20 mabaki yake yakarudishwa Bergen.

Majira ya baridi yaliyopita, nyumba zote nje zimefungwa, nilichora kwetu. Sikuwa na picha, nilitaka nione kumebaki nini. Kilima cha nyuma ya nyumba, mikaratusi, njia ya kwenda kisimani, paa la jiko, ule mkuyu mkubwa tuliokuwa tunautumia kama goli. Nilikaa na mchoro huo siku tatu. Nikaupiga picha, nikamtumia mama kwa WhatsApp, akanipigia papo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Nzuri." Kimya kidogo, nikajua kuna jambo. "Ila huo mkuyu tuliukata, mbona? Mwaka ule wa mvua, uliegemea upande wa jikoni. Si baba yako mdogo alikuambia?"

Aliniambia, nilikumbuka ghafla.

"Na mnara wa simu uko wapi?"

"Mnara gani mama?"

"Mnara, wa hapo juu kilimani. Huu tunaoongelea sasa hivi!"

Nimeuchora mnara, upande wa kulia, na waya zake za kuushikilia, na uzio. Umekaa vizuri kuliko nilivyodhani. Mkuyu bado haujafutwa.